Barua kwa Mhariri: Picha za maana haziendi stetasi

Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wasomaji wenzangu. Kuna msomaji aliandika hapa kwenye ukurasa wa barua akazilaani kamera za simu toka mwanzo mpaka mwisho, ati ndizo zimewaharibu vijana, kutwa selfi, midomo imechongolewa, chakula hakiliwi mpaka kipigwe picha kwanza kipoe. Sikatai. Jumapili jioni shuka Mama Ngina pale ufuoni Mombasa ujionee, mtu kanunua muhogo wa kuchoma anauzungusha akitafuta mwanga mpaka ndimu na pilipili zishakauka. Lakini pale aliposema sisi watu wazima turudi kwa mulika mwizi, ile simu ndogo ya batani na tochi, tupumzike, hapo bwana nimekataa, manake amekihukumu kitu kwa ile kazi yake ndogo kabisa akaziacha zile kubwa.

Mimi ni fundi wa mafriji na AC hapa Mombasa, kazi hii nimezeeka nayo. Mkobani kuna bisibisi, spana, testa, geji ya gesi, lakini siku hizi kitu cha kwanza kutoka kabla sijagusa skrubu hata moja ni simu. Na hizo picha ninazopiga hakuna iliyowahi kuwekwa stetasi, nani atataka kuona kompresa, ile pampu ya friji, imejaa vumbi na kidole changu kiko pembeni? Lakini ndizo zinanilipia kodi. Na kama kuna kitu nataka wasomaji wakishike kwa barua hii ni hicho, picha yenye faida mara nyingi ni ile mbaya, ile humwonyeshi mtu mpaka siku ya shida.

Ngoja nieleze kazi yenyewe. Friji nyuma kule chini kwa kompresa kuna kifuniko kidogo, ukikibandua unakuta pini tatu zimechomekwa waya, kuna rilei, kuna ovalodi, pengine na kapasita. Pini hizo moja ni komoni, moja stati, moja rani, na zinapangwa tofauti kwa kila kompresa, hii komoni iko juu, ile iko kushoto. Ati ufuate rangi za waya? Thubutu! Friji ya hapa kwetu ikifika kwako inakuwa ishapita mikononi mwa mafundi wengine na kila mmoja aliunga waya aliyokuwa nayo mfukoni siku hiyo, kwa hivyo unakuta nyekundu imeungwa na ya kijani kisha ikafungwa na tepu ya rangi ya tatu. Sasa wewe chomoa tu, mteja akwambie spea ngoja kwanza mwisho wa mwezi, ukirudi utakumbuka nini? Mimi napiga ya mbali ionyeshe zote zimekaaje, napiga ya karibu, kisha napiga ya ubavuni manake kuna waya zinajificha nyuma ya nyingine. Kijana ninayemfunza kazi nimemwambia asiyepiga picha hafungui.

Halafu kuna kile kibandiko kinachoandikwa aina ya gesi na gramu zake. Hicho si cha kukisia hata kidogo. Friji nyingi za juzijuzi zimetoka gesi ya R134a zimeingia R600a, na hiyo R600a ni isobutane, inashika moto kama gesi ya kupikia, sasa ukija na moto wako wa kuchomelea paipu kama ulivyozoea utajilipua wewe na nyumba ya watu. Na kibandiko chenyewe mara nyingi utakikuta mahali pabaya, nyuma chini, na friji imesukumwa ukutani, imejaa samaki, mama mwenye nyumba hataki isogezwe. Basi unawasha tochi ya simu, unaweka video, unapitisha mkono kwa ule upenyo polepole, unatoa, unasimamisha pale maandishi yanaposomeka. Zamani tulikuwa tunalala sakafuni kifudifudi na kioo cha kunyolea.

AC ndo usiseme. Hapa upepo wa bahari unatafuna chuma, ile mashine ya nje ukiiweka Nyali karibu na ufuo, vile vibati vyembamba vya nyuma vinageuka unga, ukivigusa na kidole vinadondoka. Lakini mashine iko juu ya paa, mteja yuko chini sebuleni anakunywa chai, ukimwambia kondensa, hiyo yenye vibati, imekwisha anakuangalia kwa jicho la huyu fundi ataka pesa tu. Zamani ilikuwa kelele. Sasa nampigia video kidole changu kikigusa na unga ukidondoka, nateremka namwekea mbele yake. Mtu hulipa anachokiona. Na nikishaweka mpya napiga tena, namtumia zote mbili, na mimi nabaki nazo, siku akisema fundi wewe hukubadilisha kitu tunafungua simu tunaangalia pamoja.

Na hapa msomaji mwenzangu uliyelaani kamera ya selfi nisikilize vizuri. Ukiona AC ama tivii haisikii rimoti, kabla hujamwita fundi wala kununua rimoti mpya, fungua kamera ya simu, ielekezee ile taa ndogo ya mbele ya rimoti, bonyeza batani yoyote huku unatazama skrini. Rimoti inatuma mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni, lakini kamera inauona, utaona kitaa kinamemeta cha zambarau ama cheupe. Kikimemeta mara nyingi rimoti ni nzima, ugonjwa uko kwa mashine. Kisipomemeta badilisha betri kwanza. Baadhi ya simu kamera ya nyuma imewekwa kichujio kinachozuia huo mwanga kwa hivyo hutaona kitu, basi geuza utumie ya mbele, ndo hiyohiyo ya selfi, mara nyingi kichujio chake si kikali. Nshaitwa mpaka Bamburi kwa tuktuk kwenda na kurudi kwa sababu ya betri mbili za rimoti, na hela ya usafiri mteja ndiye aliyelipa.

Tena hiki kitu chenyewe hakikuanza kwa maringo. Mwaka 1997 kule California kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Philippe Kahn, mkewe yuko hospitali anajifungua, yeye kakaa hapo akaunganisha kamera ya dijitali na laptopu na simu, mtoto alipozaliwa akampiga picha ikaenda moja kwa moja kwa jamaa na marafiki. Kutoa habari ya mtoto, bas. Na simu ya Sharp iliyotoka Japani mwaka 2000 ikiwa na kamera ndani na uwezo wa kutuma picha, kamera yake ilikuwa na pikseli 110,000 tu, ukilinganisha na simu ya megapikseli 13 ambayo leo utaona ya kawaida kabisa ni zaidi ya mara mia. Sasa umeshika chombo kama hicho mkononi kisha ukitumie kupiga mdomo peke yake?

Tuje nyumbani. Wapangaji wa Mombasa, kabla hujaingiza hata mkeka, zunguka nyumba na simu. Piga kila ukuta, piga sinki, piga choo kikivutwa maji, piga kitasa, swichi, dari pale maji ya mvua yaliacha ramani, piga mita ya stima na ya maji namba zisomeke. Hizi nyumba zetu chumvi inasukuma rangi mpaka inabanduka yenyewe kwa vigamba, hata ukipaka leo, sasa siku unahama utaambiwa wewe ndiye umeharibu ukuta na depositi haitoki. Kuna kijana jirani yangu Kisauni alifanyiwa hivyo, ajenti kamwandikia sinki imepasuka, mlango wa bafu umeoza chini, dirisha halina wavu, hesabu imepigwa depositi yote imekwisha na bado anadaiwa. Kijana hakubishana, alifungua Whatsapp akarudi juu mpaka siku aliyoingia, picha zote zipo alimtumia ajenti huyohuyo siku hiyo, sinki na ufa wake, na ajenti mwenyewe kajibu kwa kidole gumba. Pesa ilirudi. Kupiga peke yake ingekuwa nusu ya kazi, cha maana ni kuzituma siku ileile zikae na tarehe kwa simu zote mbili.

Risiti nazo. Zile za karatasi laini zinazotoka kwa mashine ya dukani hazina wino, ni karatasi imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, mashine inaichoma tu kwa mpangilio. Sasa fikiria karatasi ya namna hiyo, joto hili letu la Februari, iko kwa dashibodi ya gari ama kwenye waleti imekaliwa, baada ya miezi inafifia inabaki nyeupe kama haijawahi kuandikwa kitu. Na waranti ya friji mara nyingi ni mwaka. Unaenda dukani na karatasi tupu unaambiwa ushahidi uko wapi. Piga picha pale kaunta kabla hujatoka nje, namba ya risiti, tarehe na seriali namba ya mashine zote zionekane.

Mzigo vilevile. Mtu anatuma kitu kwa basi pale Mwembe Tayari, labda inakwenda Nairobi, labda Lamu ambako basi linaishia Mokowe kisha mzigo unavushwa kwa boti, hapo katikati mikono ni mingi. Piga boksi pande zote likiwa limefungwa, piga jina na namba uliyoandika, piga ile karatasi ya mzigo, mtumie anayepokea. Akipokea limechanwa pembe anajua hapohapo halikuchanwa kwako. Na kama unapakia friji kwa tuktuk ama mkokoteni wa mtu usiyemjua, piga namba ya tuktuk ikiwa imesimama, mwenyewe akiona, kwa heshima tu, "bwana nachukua namba nimtumie mwenye mzigo akujue ukifika." Mwaminifu hakasiriki.

Dawa ndo naomba wenye wazazi wazee wanisikie. Ukinunua dawa dukani chache-chache unakatiwa kipande cha ile karatasi ya bati, vidonge vinne, sita. Tarehe ya kuisha na namba ya toleo zimepigwa chapa pembeni mwa bati lote, sasa pembe yenye tarehe imebaki dukani, wewe umepewa kipande kisicho na jina kamili wala tarehe. Mwambie muuzaji kwa upole akuonyeshe paketi upige picha, jina, miligramu, tarehe. Ni sekunde. Kisha ile picha ikuze kwa vidole viwili, bi mkubwa wangu haoni maandishi madogo hata na miwani lakini kwa simu anasoma mwenyewe anakosoa na matamshi yangu. Na akipelekwa hospitali nyingine daktari akauliza mama anatumia dawa gani, hakuna tena kujibu "ile nyeupe ndogo ya presha", maana nyeupe ndogo za presha ni nyingi.

Ya watoto wa shule sitaisema sana, kila mzazi wa CBC, huu mtaala wa umilisi, anajua, mwalimu ataka picha ya mtoto akifagia, akipanda sukuma, akipika, na ikaprintiwe saiba kwa rangi. Hapo hata mimi nina malalamiko yangu lakini ni barua ya siku nyingine. Nitasema tu saiba msiende kuskani kila kitu, simu nyingi za sasa zina sehemu ya kuskani ndani yake, kwa Android ukifungua Google Drive iko, kwa iPhone iko kwa Notes, inanyoosha karatasi yenyewe, inakata pembe, inakutolea PDF. Mwanangu ametuma vyeti vyake vyote vya kuomba kazi akiwa amekaa kibarazani.

Maandishi ya kigeni pia. Mashine zinakuja na karatasi ya Kichina mbele na nyuma, hata kimchoro hakuna. Google Translate ukiielekezea kamera inakugeuzia palepale, Kiswahili chake wakati mwingine kinachekesha, inasema vitu ambavyo hata Mchina mwenyewe hakusema, lakini namba na maonyo yanaeleweka. Ukiipakua lugha mapema unatumia hata bila bando. Kina mama nao wako mbele yetu siku nyingi, ingia Biashara Street uone, mtu kashika kanga mkono mmoja simu mkono wa pili anapiga pindo na jina lake, anamtumia shangazi yuko Malindi achague, bei inajulikana, hakuna aliyepanda matatu bure.

Hizi alama za vimiraba nyeusi na nyeupe unazoskani mkahawani upate menyu, zile QR, zilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, Masahiro Hara na wenzake, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, yani hata hizo zilianza gereji kama sisi. Ila ukiskani angalia kama kuna stika imebandikwa juu ya nyingine, na kabla ya kulipa soma jina linalotokea. Na nyinyi wenye maduka, mteja akikuonyesha skrinshoti ya M-Pesa usimpe mzigo, angalia meseji kwa simu yako wewe ama piga salio. Picha inadanganya vizuri tu mtu akitaka idanganye.

Sasa kupiga kwenyewe, manake wengi wanapiga halafu haisomeki. Futa lenzi. Mkono uliopaka mafuta ya nazi, jasho, mbaazi za asubuhi, vyote viko pale kwenye kile kidoa, futa na kitambaa cha pamba. Ukitoka chumba chenye AC ukaingia nje kwenye joto, lenzi inapata ukungu, ingoja dakika chache, usifute ukilaani simu. Karatasi yenye plastiki kama kitambulisho usiiwashie flashi, mwanga unakurudia unabaki na doa jeupe pale penye namba, sogea mlangoni ama dirishani kwenye kivuli chenye mwanga. Usivute zumu, sogea wewe, zumu ya simu nyingi ni kuikata picha na kuitanua tu. Gusa skrini pale penye maandishi ishike fokasi, tulia, kisha soma picha kabla hujaondoka, ukuze mpaka namba ya mwisho. Hapo penye kusoma ndo wengi wanapoparuka.

Na kama unaona picha inaweza kuwa ya kesi, labda gari limekugonga, labda ukuta wa jirani umekuangukia, usiitie mapambo wala kuikata, iache kama ilivyo kwa simu iliyopiga. Ukiituma kwa Whatsapp kama picha ya kawaida inabanwa na zile taarifa za ndani kama saa na mahali zinaondoka, itume kama dokumenti. Sheria yetu ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki lakini kifungu cha 106B kinataka cheti cha kueleza ilivyopatikana na chombo kilichotumika, kwa hivyo wakili atakuuliza simu iko wapi, usiwe ushaiuza pale stendi.

Kuna kitu nakubaliana na yule msomaji na nitakisema wazi. Si kila kitu ni cha kupigwa. Ajali imetokea watu wanavuja damu, kijana kasimama anarekodi, huyo hana utu. Harusi zetu za kina mama, mlangoni wanakusanya simu ama wanakwambia kabisa hakuna picha, na wana haki, mtu kavua buibui akijua yuko na wanawake wenzake, kumrusha kwa grupu ni kumdhulumu. Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, picha ya mtu ni data yake binafsi hiyo. Kambi za askari na sehemu za ulinzi, weka simu mfukoni usitafute maneno. Na kitambulisho chako usikitawanye ovyo, kila ajenti wa nyumba anataka picha yake, mtumie lakini andika juu yake kwa kalamu ya simu kwamba ni ya kupangisha nyumba fulani tarehe fulani, isije ikafungua laini ama mkopo usioujua. Kadi ya benki usiipige kabisa, zile namba tatu za nyuma ndo funguo.

Ooh, na nafasi. Watu wanasema simu imejaa, ukiichungulia imejaa maua ya "asubuhi njema" kutoka magrupu matano. Google Photos nayo toka Juni 2021 inahesabu kila picha ndani ya zile GB 15 za bure, kwa hivyo futa maua ubakishe risiti. Mimi nina albamu moja imeandikwa KAZI, moja NYUMBA, moja DAWA, bas.

Sasa Mhariri, kilichonifanya nikae niandike kwa urefu huu si yule msomaji peke yake. Kuna ofisi moja ya umma hapa mjini, sitaitaja, nilikwenda kushughulikia karatasi za kazi. Ukutani nyuma ya meza ya askari kuna tangazo, orodha ya stakabadhi zinazotakiwa, ada, namba ya akaunti ya kulipia, ndefu, herufi ndogo. Watu tuko kwenye foleni, mama mmoja wa makamo anainakili ile namba kwa kalamu kwenye kiganja, na jasho linaifuta. Nikatoa simu. Askari akaja juu.

"Mzee, weka simu. Hapa hakuna kupiga picha."

"Kijana wangu, lile si tangazo?"

"Ni tangazo."

"Limebandikwa watu wasome?"

"Soma basi, nani kakukataza kusoma. Lakini usipige."

Wallahi watu walicheka foleni nzima na yeye mwenyewe akataka kucheka, lakini simu sikuruhusiwa. Yule mama aliandika namba moja kimakosa, nilikuwa nyuma yake naona, nikamsahihisha. Je, asingekuwa na mtu nyuma yake? Pesa ingekwenda akaunti gani? Na si ofisi hiyo tu, nimesikia wenzangu wengi wakilalamika hivyohivyo sehemu mbalimbali. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ya kukitekeleza. Simlaumu askari, ameambiwa hakuna picha, hakuambiwa picha za nini. Mkubwa wake akataze picha za watu na mafaili na kamera za ulinzi, hapo nitamuunga mkono, lakini karatasi iliyoandikwa TANGAZO KWA UMMA aiache.

Ombi langu kwa wakubwa wa ofisi hizo, na naomba Mhariri usilikate hata kama utakata mengine yote, andikeni chini ya kila tangazo kwamba ruhusa kupiga picha, askari asome na yeye. Herufi ziwe kubwa. Na likibandikwa liwekwe nje ya geti kwenye kivuli, chini usawa wa macho, lisiwe ndani ya kioo, manake kioo kinarudisha mwanga na ile namba ya akaunti ndo huwa ya kwanza kupotea.

Fundi wa mafriji,
Kisauni, Mombasa